Bastola Isiyo na Kasoro

Jicho-kaguzi liliinyanyua bastola kwa vidole vyake vya chuma, likaizungusha taratibu kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Mwanga wa buluu uliipitia juu, ukaingia ndani ya mtutu, ukatoka. Kabla Bi. Kanyua hajameza mate, mashine ilikuwa imeshaipiga maelfu ya picha, ikazilinganisha na picha ya bastola kamili iliyohifadhiwa kwenye ubongo wake, na sasa ikasema kwa sauti ya upole:

"Silaha ni nzima. Kasoro za sura zimeonekana. Zinakubalika."

"Zinakubalika kwa nani?" Bi. Kanyua akauliza.

Wa kumjibu alikuwa Mhandisi Nasieku, aliyesimama nyuma ya kaunta. Isiolo ya zama hizo ilikuwa jiji la viwanda, na kiwanda hiki kiliunda silaha ndogo za kujilinda bila mkono wa binadamu kugusa hata msumari. Nasieku alikuwa amesomea madini na vyuma kwa miaka mingi. Cheo chake kilikuwa bado mkaguzi, ila ukaguzi wenyewe ulikuwa umehamia kwa Jicho. Kazi iliyobaki ilikuwa kuwaeleza wateja yaliyokwisha kuamuliwa.

"Hebu niione, mama," akasema.

Ilikuwa bastola ndogo, ya kutosha ndani ya mkoba. Juu yake palikuwa na mkwaruzo mrefu mweupe. Rangi ilikuwa imebanduka karibu na mtutu, na kinundu cha kulengea shabaha kilikuwa kimekaa upande kidogo.

"Nimeitoa kwenye sanduku jana ikiwa hivyo hivyo," Bi. Kanyua alisema. "Mume wangu ananicheka, ati nataka bastola ya kuendea harusini. Lakini dada, kitu kipya kikija kimechubuka, hata ndani unakitilia shaka."

Nasieku alipitisha kidole kwenye mpini, kisha akakirudisha palepale. Chini ya kidole aliisikia ngozi-tambuzi, ule utando mwembamba unaoujua mkono wa mwenye silaha na kukataa mikono mingine yote. Mahali pamoja utando ulikuwa umevimba. Kivimbe kidogo tu, lakini maana yake ni kwamba gundi haikushika.

Akairudisha bastola kwenye vidole vya Jicho na kuliagiza likague mpini upya. Mwanga ukapita.

"Kasoro ya sura. Inakubalika."

Akamwomba Bi. Kanyua asubiri, akaingia ofisini kwa meneja, Bwana Guyo.

"Ngozi imeachia," akamweleza. "Leo inamtambua. Mkono ukitoka jasho sijui itafanyaje. Tumpe nyingine."

Guyo hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akajisugua macho. "Mhandisi, bastola iliyopitishwa na Jicho sina uwezo wa kuibadilisha. Mfumo haunipi hata pa kubonyeza. Halafu, tangu Jicho lianze kazi, limekosea mara ngapi?"

"Hatujui. Linalokagua makosa ya Jicho ni Jicho lenyewe."

Guyo alivaa miwani yake, akageukia dirisha.

Nasieku aliporudi kaunta alishusha sauti. "Mama, bastola hii usiitegemee."

 Bi. Kanyua alikuwa na duka la dawa pembezoni mwa jiji, na wezi walikuwa wameshamwingilia mara moja wakakomba dawa zote za maumivu. "Basi nitegemee nini, mwanangu?" akauliza. "Kibali changu kimefungwa kwa bastola hii hii. Niambie kingine, nitakishika."

 Nasieku akamfungia bastola ndani ya sanduku lake, akamfungulia mlango.

Wezi walirudi mchana wa jua kali, duka likiwa wazi. Bi. Kanyua alikuwa nyuma ya meza, mumewe Muriithi akipanga chupa rafuni. Mara ya kwanza wezi walichukua dawa wakaenda zao bila kumgusa mtu. Safari hii Bi. Kanyua alichomoa bastola mkobani. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho la hofu. Akavuta kifyatulio, na bastola ikasema kwa sauti ile ile ya upole: "Mkono huu hautambuliki."

Kijana aliyekuwa mbele aliona bastola, hakungoja kusikia inasema nini. Akapiga risasi. Muriithi, aliyekuwa amejirusha mbele ya mkewe, akaanguka pamoja na chupa zake.

Polisi waliileta bastola kiwandani ikaguliwe. Nasieku mwenyewe ndiye aliyeiweka chini ya mwanga wa buluu.

"Silaha ni nzima," Jicho likatangaza. "Kosa ni la mtumiaji."

"Si kweli!" Nasieku alipaza sauti, wateja wakageuka. "Kataa! Andika kwamba mkaguzi amekataa!"

"Maoni ya mkaguzi hayahitajiki katika hatua hii. Asante."

Alikwenda kwa Guyo, naye akarudia kwamba mfumo haumpi pa kubonyeza. Alijaribu polisi, wakamwambia ushahidi wa kitaalamu wameshaupata, kutoka kwa Jicho.

Mwishowe alikwenda matangani. Bi. Kanyua alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake wa ukoo, kanga imemfunika mabega. Alimtambua papo hapo.

"Wewe uliniambia nisiitegemee."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Wamesema kosa ni langu. Kwamba mimi sikuishika vizuri." Aliinua mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Watoto wa marehemu wameyasikia hayo. Waambie wewe. Wewe ni mhandisi, watakuamini."

Nasieku alipiga magoti mkekani. Watoto wawili wakubwa wa Muriithi walikuwa wamesimama mlangoni. Akawaeleza yote, kuhusu utando, gundi, kivimbe. Walimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

Kisha binti akauliza, bila ukali wowote, "Lakini dada, Jicho si limesema ilikuwa nzima?"