Mikono Salama

Siku hiyo ilianza kama zote bondeni kwetu, hapa Wales: manyunyu, chai ya maziwa, na jirani yetu Delyth akimwachia mama yake mzazi mwanawe Macsen, wa miezi minane, kisha huyo, mbio kiwandani kwa Wajapani.

Kule kuna desturi. Kabla ya kushusha mashine ya kukandamiza bati, unanyoosha mkono, unaielekezea kidole, unapaza sauti: "Mikono salama!" Meneja, Bwana Kuroda, aliielekezea kidole hata swichi ya taa. Wenyeji tuliona haya kufanya hivyo. Delyth alimuiga mpaka watu wakashika mbavu.

"Jamani, leo kaiamkia swichi, nayo haijaitikia!"

"Cheka tu, mwanangu," alisema Eirwen, mama wa makamo aliyefanya naye kazi mashine namba nne. "Mimi vidole vyangu navipenda."

Siku hiyo Delyth alibonyeza kitufe tu. Hakuelekeza, hakuita. Mkono wa Eirwen ulikuwa ndani, unatoa bati lililokwama.

Kidole cha shahada kilibaki mashineni. Jeraha likaoza. Wiki ya tatu, Eirwen akafa.

"Ulielekeza?" Kuroda aliuliza, macho chini.

"Nilielekeza, nikaita. Yeye ndiye aliyerudisha mkono ndani."

Ikaandikwa: kosa la marehemu. Mazishini Delyth alimpa mkono binti wa Eirwen, macho kayakaza kwenye viatu.

Kesho yake asubuhi alikuwa anamlisha Macsen uji. Mtoto akaacha kula. Akanyoosha mkono, umekakamaa kama wa mtu mzima, kidole kikimwelekea mama yake.

Delyth akasogea kushoto. Kikamfuata. Kulia. Kikamfuata.

Nyuma ya kiti cha mtoto, mnong'ono:

"Mikono salama, mwanangu."

Hapakuwa na mtu.

Alimbeba vilevile, bila koti, hadi kiwandani, wenzake wamejipanga kwa mazoezi ya asubuhi.

"Nilidanganya," akasema. "Sikuelekeza. Niliona haya. Eirwen hana kosa."

Hakuna aliyecheka. Kuroda akainama, hakuinuka upesi.

Macsen akashusha mkono. Akalala.

Nyumbani, akimvua fulana, Delyth aliona mgongoni alama ya grisi nyeusi, ya mkono uliomshika mtoto vizuri asianguke. Dole gumba. Cha kati. Cha pete. Cha mwisho.

Cha shahada hakikuwepo.