Wimbo wa Mama Inès

Asubuhi, ukungu wa ziwa Nakivale, nchini Uganda, hupanda polepole mpaka kwenye mashamba ya maharage. Kwa muda nyumba hazionekani. Zinasikika sauti tu: mtu anakohoa, mtu anapasua kuni, mtoto analia. Halafu inasikika sauti ya Mariette.

Mariette huuza mandazi karibu na Kabazana, mahali wanapoandikishwa wakimbizi wanaofika kambini. Mama mgeni akiitwa ndani, na mtoto wake akianza kulia, Mariette humpokea. Humweka begani na kumwimbia:

*Lala, Inès, mvua imepita,*
*barabara nayo imelala,*
*kesho tutaamka kwetu.*

Mtoto hunyamaza. Mandazi hupoa. Mariette hajali. Mume wake, Constantin, humtania kwamba iko siku atauza watoto na kubembeleza mandazi.

Inès alikuwa mtoto wao wa kwanza. Walipokimbia vita kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, homa ilimshika njiani. Walimzika kando ya barabara kabla ya kufika mpakani. Mvua ilikuwa inanyesha na watu walikuwa wanawahimiza waondoke. Leo hawawezi kusema ni wapi hasa. Mariette alitunga wimbo ule akiwa bado anatembea, mikono mitupu. Jina la Inès halijaandikwa mahali popote. Limo ndani ya wimbo tu.

Kwao wana desturi. Wimbo wa kubembeleza hauna mwenyewe. Kila mama anayeuimba hutoa jina lililomo na kuweka la mtoto aliyembeba. Tena, mtu akisimama mbele za watu na kusema "wimbo huu ni wangu," wanamwona ana majivuno. Ni desturi nzuri, na mimi naipenda. Lakini ndiyo iliyomponza Mariette.

Siku moja kulikuwa na sherehe Base Camp, penye ofisi za kambi. Alikuja mwanamume mmoja kutoka Mbarara, jina lake Rwakabuba, mwenye studio ndogo ya muziki. Alikuwa na kompyuta na maikrofoni. Alimsikia Mariette akimwimbia mtoto wa jirani, akamwomba aimbe tena ili amrekodi. Mariette alifumba macho, akaimba.

"Nyabo, wimbo ni mzuri sana," Rwakabuba alisema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Ni ya nani?"

Mariette aliinamisha uso. "Haiko ya mutu moya. Ni ya batoto bote."

"Ya watu yote?"

"Ndiyo, baba. Ya bote."

Rwakabuba alifunga kompyuta yake, akaenda zake. Mariette akarudi kwenye mandazi yake.

Miezi ikapita. Constance, dada yake Constantin, akajifungua mtoto wa kike katika hospitali ya Ruharo, mjini Mbarara. Mariette alikwenda kumwona pamoja na Doriane, binti yake aliyezaliwa baada ya Inès.

Ilikuwa jioni. Wodi ya wazazi ilikuwa imetulia na jua la mwisho lilikuwa ukutani. Mama mmoja, kwenye kitanda cha dirishani, aliweka simu karibu na kichwa cha mtoto wake. Simu ikaanza kuimba. Mariette akageuka. Ilikuwa sauti yake mwenyewe! Ilikuja na kinanda na ngoma laini, kama mtu anayekuita ukiwa usingizini. Moyo ulimdunda kwa furaha. Wimbo wake umefikaje huku, kwa watu asiowajua?

Halafu akayasikia maneno. *Lala, beibi, mvua imepita.* Jina la Inès lilikuwa limekatwa. Sauti ya mwanamume ilikuwa imeingizwa pale, ikasema "beibi," kisha sauti ya Mariette ikaendelea.

Mtoto wa Constance alianza kulia. Mariette alimchukua na kumwimbia kama anavyoimba siku zote. Mama wa dirishani akatabasamu.

"Mama, unakosea kidogo. Si Inès, ni beibi. Hii ni wimbo ya Rwakabuba. Angalia."

Akamwonyesha simu. Kulikuwa na picha ya Rwakabuba amevaa miwani meusi, utadhani jua la Mbarara linamwakia yeye peke yake. Chini yake kulikuwa na jina lake. Jina la Mariette halikuwepo.

Mariette alimrudisha mtoto kwa mama yake, akatoka nje, akalia. Doriane alimfuata.

"Mama, nyamaza. Ni wimbo tu."

"Haiko wimbo tu! Dada yako hana kaburi. Alikuwa na fasi moya ya kukaa, ni mu ile wimbo. Sasa batu bote banajifunza beibi. Siku nitakufa, nani atajua kama Inès alikuwaka?"

Doriane alimshika mama yake mkono mpaka giza likaingia.

Walipofika nyumbani, Constantin alisikiliza habari yote, akapiga goti lake kwa kiganja. "Tutaitia mu CD! Nitabeba mingi, nitaenda nazo mu soko. Kila mutu atajua mwenye wimbo ni nani."

Larissa, jirani yao kutoka Burundi, alikuwa amekaa nao. Larissa hufanya kazi Base Camp, kwenye chumba ambamo vijana hujifunza kompyuta. Alicheka, lakini kwa upole.

"Baba Doriane, hapa kijijini nani ana mashine ya CD?"

Constantin alifikiri. Akawataja majirani kimoyomoyo, nyumba kwa nyumba. "Hakuna," alikubali. "Hata mimi sina."

"Bon, sikilizeni. Zamani wimbo ulikaa ndani ya kitu," Larissa alisema. "Ulikuwa kwenye kaseti, kisha kwenye CD. Ukitaka wimbo, unanunua kitu. Baadaye wakaja wale vijana wa sokoni wanaopakia nyimbo kwenye kadi ya simu. Hapo majina yakaanza kupotea, maana wimbo unapita kadi hadi kadi na haujulikani ni wa nani. Sasa watu wengi wanasikiliza mtandaoni. Mtu wa Mbarara na mtu wa Bujumbura wanaufungua saa ile ile. Hakuna anayeuliza redio wala duka wimbo ni wa nani."

"Sasa banauliza nani?" Mariette alisema.

"Wanamuuliza anayeupeleka wimbo. Kuna makampuni ya usambazaji. Unawapa wimbo mara moja, wao wanaupeleka kwenye programu nyingi za muziki. Lakini kwanza wanauliza: nani ametunga? Nani ameimba? Utakachojibu ndicho watu wote watakisoma. Rwakabuba alijibu peke yake."

Mariette alitazama chini. "Ni mimi niliharibu. Nilisema ni ya bote."

"Lakini kwetu kila mama anabadilisha jina," Constantin alisema. "Tutabakataza namna gani?"

"Msiwakataze," Larissa alijibu. "Mama akimbembeleza mwanawe nyumbani, abadilishe jina, ni haki yake. Kuuimba ni kwa wote. Lakini ukitolewa ili dunia isikilize, lazima aliyetunga aulizwe na jina lake liandikwe. Mama, kusema 'nimetunga mimi' si majivuno. Je, kuna mtu aliyekurekodi kabla ya Rwakabuba?"

Alikuwepo. Patient, mwimbaji mwenzake wa kwaya, alikuwa amempiga video fupi pale Kabazana, mwaka mmoja kabla ya sherehe. Tarehe ilikuwa bado imo ndani ya simu.

"Mwambie asiifute," Larissa alisema.

Juma lile lile Mariette na Larissa walikwenda Mbarara. Studio ya Rwakabuba ilikuwa chumba kidogo, kuta zake zimefunikwa kwa trei za mayai. Mlango ulipofungwa, kelele zote za mji zilizimika. Mariette alisikia pumzi yake mwenyewe.

"Nyabo!" Rwakabuba alisema kwa furaha. "Wimbo yako inapendwa sana!"

"Kama ni yangu, jina yangu iko wapi?"

Furaha ilimtoka Rwakabuba usoni. "Lakini wewe mwenyewe ulisema ni ya watu yote. Mimi nikajua haina mwenyewe. Nikaweka jina yangu. Sasa kosa yangu ni nini?"

"Na Inès? Juu ya nini ulimutosha mu wimbo?"

"Inès ni nani?"

Mariette akamwambia. Alimweleza habari ya homa, ya mvua, na ya kando ya barabara. Hakupandisha sauti. Rwakabuba alivua miwani yake, akayashika mkononi.

"Pole, nyabo," alisema. "Mimi nilifikiri ni jina tu. Nilitaka neno yenye watu ya hapa wanajua."

Larissa alimwonyesha video ya Patient. "Tungeweza kuiandikia kampuni inayousambaza wimbo huu. Wanapokea malalamiko, na ushahidi tunao. Lakini tumeona tuje kwako kwanza."

"Msiandike," Rwakabuba alisema. "Mimi mwenyewe nitaiondoa kwa mtandao leo. Na ile sauti ya kwanza iko hapa. Sikufuta."

Akabonyeza. Ndani ya kile chumba kimya, bila kinanda wala ngoma, jina likasikika: *Lala, Inès.*

Hawakutoka pale kwa maneno matupu. Larissa aliandika makubaliano kwa Kiswahili rahisi, akayasoma kwa sauti mara mbili kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Mtunzi na mwimbaji ni Mariette. Rwakabuba amerekodi na kupiga kinanda, naye ana sehemu yake katika mapato. Neno lolote la wimbo lisibadilishwe bila ruhusa ya mtunzi.

Siku iliyofuata walikaa mbele ya kompyuta kule Base Camp. Larissa alifungua akaunti kwenye kampuni ya usambazaji kwa barua pepe ya Mariette mwenyewe. "Neno la siri mlijue wewe na Doriane tu," alisema. "Na mtu akikuahidi kukuuzia wasikilizaji maelfu kwa maelfu, mkimbie. Wasikilizaji wa kununuliwa hawana masikio." Kisha akauliza, "Jina la msanii, tuandike lipi?"

Tangu Doriane azaliwe pale Nakivale, watu humwita Mariette Mama Doriane. Jina la zamani hakuna aliyelitaja tena, kwa kumhurumia. Mariette alimtazama binti yake kwanza.

"Andika Mama Inès," alisema.

Doriane ndiye aliyeliandika, herufi kwa herufi.

Wimbo ulipotoka, Doriane alitengeneza video fupi. Hakupiga picha watoto wa watu. Alipiga ukungu ukitambaa juu ya maharage, na ziwa likianza kung'aa, na chini yake akaandika kwamba Inès alibaki njiani. Larissa aliwafundisha wanakwaya kutumiana kiungo cha wimbo badala ya faili lenyewe. Anayebonyeza kiungo hufika kwenye wimbo wenye jina la mwimbaji, na kusikiliza kwake kunahesabiwa. Rwakabuba naye aliandika kwenye ukurasa wake kwamba wimbo ni wa Mama Inès na kwamba yeye alikosea. Nakiri kwamba sikutarajia afanye hivyo.

Pesa zilianza kuja kidogo kidogo. Si za kumtajirisha mtu, na Larissa alikuwa amewaambia mapema wasizitegemee. Lakini siku moja kuna kitu kingine kilichomfanya Mariette azisahau. Kompyuta ilionyesha miji ambako wimbo unasikilizwa. Larissa alisoma: Mbarara, Uvira, Bukavu, Kigoma, Bujumbura, na miji mingine ya mbali, ya nchi za baridi.

"Soma tena," Mariette alisema.

Larissa akasoma tena, taratibu. Mariette aliisikiliza miji ile huku amefumba macho. Inès, ambaye hakufika hata mpakani, alikuwa amefika kote huko. Mariette alilia, lakini safari hii hakutoka nje kujificha.

Chini ya video akina mama walikuwa wanaandika. Kila mmoja alitaja jina la mtoto anayemwimbia, majina yakafuatana kama watoto wanaotoka shuleni. Jioni moja Doriane alimsomea mama yake ujumbe wa mama mmoja wasiyemjua.

"Mama Inès, najua watu wanabadilisha jina. Mimi nimeshindwa. Mtoto wangu pia alibaki njiani, sina wa kumbeba. Kwa hiyo naimba tu Inès."

Mariette akasema, "Muulize wake aliitwa nani."

Doriane akauliza. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: Munezero.

Kesho yake, pale Kabazana, mama mgeni aliitwa ndani na mtoto wake akaanza kulia. Mariette alimpokea, akamweka begani. Miaka yote ile hakuwa amebadilisha jina hata siku moja. Siku hiyo alilibadilisha. Aliimba, "Lala, Munezero, mvua imepita," mpaka mtoto akalala, kisha akauimba tena tangu mwanzo, polepole, ili mama mwingine aliyekuwa nyuma kwenye foleni aweze kuushika kichwani.