Kila Alichosema Noreen Kilichekwa

"Mwanangu, leo umeshavaa mabuti ya baba?" muuza duka alimuuliza Noreen huku akimfungia samaki wa chumvi. Wateja wawili nyuma yake wakaangua kicheko.

Noreen akalipa, akatoka kichwa chini. Maneno hayo yalikuwa yake. Aliyasema chumbani wiki aliyomzika baba yake, alipokuwa akishinda na mabuti ya marehemu miguuni kwa kushindwa kuyatupa. Aliyeyasikia ni mumewe tu, Clar Pittman, mchekeshaji, mtunzi wa tamthilia ya runinga na mpiga kodiani aliyekuwa fahari ya mji mzima wa St. John's, Kanada.

Alimkuta mezani, anaandika.

"Clar, mabuti ya baba yamefikaje kwenye runinga?"

"Yametembea. Si ni mabuti?"

"Sicheki."

"Noreen, yule wa kwenye tamthilia si wewe. Ni Dulcie, mhusika niliyemtunga."

"Dulcie ana maneno yangu. Ana kilio changu. Nikilia unaandika, nikinyamaza unaandika. Humu ndani nipumulie wapi?"

Simu ya Clar ikalia mlio wa ujumbe pale mezani. Noreen akawahi kuusoma. Ulitoka kwa mtayarishaji wa tamthilia, Toronto:

"Mabuti yamevunja watu mbavu. Sasa ile ya mimba kutoka. Mkataba wa miaka mitatu, jibu leo."

Mimba yao ilitoka Machi. Hata dada yake hakuambiwa.

"Ulimwambia?"

Clar akafungua mdomo, akatafuta mzaha, akaukosa.

"Nilimwambia."

Noreen akafunga begi, akaenda kwa dada yake, mji wa Carbonear. Huko nako, jirani wa kwanza kumwona akamwita Dulcie.

Siku ya nne Clar akabisha hodi.

"Nimekataa mkataba."

"Na Dulcie?"

"Wamempa mwandishi mwingine. Ni mali yao, nilisaini zamani. Siwezi kumrudisha."

"Kwa hiyo nitaitwa Dulcie mpaka nife."

"Huenda. Lakini la mtoto halimo, nimehakikisha. Sikuwahi kulisema na wewe, nikaenda kulisema kwa watu. Nimekuja tuliseme."

"Bila utani?"

"Sijui kama naweza. Naogopa."

Miaka saba ya ndoa, Noreen hakuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Akamvutia kiti.

"Kaa. Anza."

"Ile asubuhi ya Machi..."

Noreen hakummalizia sentensi. Akamshika mkono, akangoja.