Hisa Kumi za Mama Raihana

Haya ninayowaandikia, watoto, ni kweli tupu. Ninaapa kwa leseni yangu ya udereva, ambayo ninayo mpaka leo ingawa macho yangu yalistaafu kabla yangu. Kama humu mna neno moja la uongo, na ninywe chai bila sukari mwaka mzima. Waliowahi kunisikia nikieleza jinsi nilivyoleta lori kutoka Mombasa hadi Kigali kwa gia ya nyuma peke yake wanajua kwamba mimi si mtu wa kutia chumvi.

Mwaka jana, 1992, asubuhi zangu zilifanana zote. Nikitoka msikitini nilikaa kwenye benchi la mkahawa, pale Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, nikaagiza chapati moja, nikasubiri mtu wa kumsimulia. Raihana, msichana wa miaka kumi na mitatu, alipita na dumu lake la maji. Mama yake, Aidah, alikuwa ameshatangulia kwenye ushirika wa washonaji, ambako alikaa nyuma ya cherehani ileile kwa miaka tisa.

Asubuhi moja ya Julai Raihana alipita bila dumu.

"Asalaam aleikum, babu."

"Waaleikum salaam. Mbona macho mekundu?"

"Mama amefukuzwa kazi. Bwana Shafiq amesema kazi iko kidogo. Halafu saa ileile akamkalisha shemeji yake kwenye cherehani ya mama."

Shafiq alikuwa meneja wa ushirika. Ni kweli kazi ilikuwa imepungua, maana vita vilikuwa vimefunga barabara ya kaskazini na vitambaa vilikuja kwa shida. Lakini shemeji yake alitoka wapi?

Mimi pia nilikuwa na kisa na Shafiq. Nilikuwa na hisa kumi za ushirika ule, na kwa miaka miwili sikuona gawio, yaani fungu langu la faida, hata faranga moja. Nilipomuuliza mbele ya watu alinijibu, "Mzee Ilyasi, fedha zako zinakuja, zimepanda lile lori lako la kurudi nyuma." Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Kicheko kile nilikiweka moyoni kama mtu anavyoweka kisu chini ya mto.

Jioni nikaenda kwa Aidah. Alikuwa akinoa mkasi ambao haukuwa na kitambaa cha kukata.

"Nataka nimuone akitoka kwa mlango uleule alionitolea mimi," alisema. "Hilo tu. Baada ya hapo nitalala."

"Fedha unazo?" nikauliza.

"Elfu kumi na tano, ziko benki. Ni za sekondari ya Raihana: ada, godoro na sanduku la bati. Zinatakiwa Septemba."

"Benki," nikasema, nikatikisa kichwa kama daktari. "Hujasikia kwamba benki yako imeshusha riba? Ilikuwa sita kwa mia, sasa ni mbili. Fedha yako imelala usingizi, mama. Nunua hisa. Mimi nitakuachia zangu kumi, kila moja elfu moja na mia tano, kwa sababu ya ujirani tu."

Raihana alikuwa akichambua maharage pembeni. Akainua kichwa.

"Lakini babu, sisi riba hatuli. Kila mwaka mama anaitoa yote, inalipa watu wanaozibua mtaro wa maji machafu. Riba ikishuka, aliyepata hasara ni mtaro, si sisi."

Nikakohoa. Katika miaka arobaini ya udereva sijawahi kusimamishwa na kizuizi kama kile.

"Umesema vizuri," nikamwambia. "Ndiyo maana hisa ni nzuri zaidi. Hisa ni halali. Faida tunagawana, hasara tunagawana."

Hapo sikudanganya. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini nikaongeza, "Tena kuna oda inakuja, sare elfu ishirini za shule za Bujumbura. Watakuita urudi, mtashona mpaka vidole viote sugu."

"Kama oda ni kubwa hivyo," Raihana akauliza, "kwa nini wewe unauza?"

"Mimi mzee, mwanangu. Sare elfu ishirini nitazivaa wapi?"

"Babu, hujanijibu."

"Raihana, nyamaza," alisema mama yake. Hakuwa akisikiliza habari za Bujumbura. Akaniuliza swali moja tu: "Kwenye mkutano, hisa moja ni kura moja?"

"Kura moja."

"Basi nitakuwa na kura kumi za kumtoa." Akaweka mkasi chini. Kesho yake akaenda benki.

Siku zile nilitembea Biryogo kifua mbele. Aidah angemng'oa Shafiq, na mimi ningetazama nikiwa na fedha mfukoni. Nikanunua redio ya elfu nne.

Mkutano ulikuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti. Aidah alikaa mstari wa mbele, amevaa kitenge cha sikukuu, Raihana pembeni yake ameshika bahasha ya karatasi za hisa. Shafiq alipomwona alihesabu vichwa upya. Wote tulishajua hesabu: ushirika ulikuwa na hisa mia mbili. Shafiq alikuwa na tisini na nane upande wake, wapinzani wake tisini na mbili. Kumi za Aidah zilitosha kumtoa.

Mwenyekiti, Mzee Nzeyimana, alisoma taarifa ya mwaka. Gawio hakuna. Deni la vitambaa lipo. Cherehani tatu mbovu. Kisha akauliza kama kuna swali kabla ya kura, na mkono uliopanda ulikuwa mdogo.

"Naomba kuuliza. Ile oda ya sare elfu ishirini za Bujumbura itaanza lini? Maana ada yangu inatakiwa Septemba."

Shafiq akacheka. "Oda gani? Tangu Julai tumeshona mapazia mawili."

"Aliyetuambia ni babu Ilyasi, siku anatuuzia hisa zake," Raihana akasema. Hakuninyooshea kidole. Hakukuwa na haja, vichwa vyote vilikuwa vimeshageuka.

"Mzee Ilyasi," akasema mwenyekiti, "oda hiyo uliisikia kwa nani?"

Nilitafuta jina. Mimi ambaye sijawahi kukosa jina la mtu wala la mto, siku ile nilikosa. "Kwangu mwenyewe," nikasema.

Mwenyekiti akavua miwani. "Aidah, uhamisho wa hisa hizi sijautia sahihi bado. Nikitia sahihi, utapiga kura yako, lakini fedha itabaki kwa mzee. Nisipotia, mzee atakurudishia fedha sasa hivi, ila kura huna. Chagua."

Aidah alimtazama Shafiq kwa muda mrefu. Alichokiota usiku na mchana kilikuwa hatua tatu mbele yake, na kilimhitaji aseme neno moja tu. Raihana alikuwa akitazama bahasha magotini mwake.

"Usitie sahihi," Aidah akasema.

Mwenyekiti akaamua kwamba hisa za mwongo hazipigi kura siku hiyo, kwa hiyo zile kumi zilizonirudia hazikuhesabiwa. Shafiq akabaki meneja, tisini na nane kwa tisini na mbili. Akatabasamu. Aidah akamsogelea karibu kabisa.

"Kaa, Shafiq. Kiti hicho nilitaka kukinunua kwa elfu kumi na tano. Sasa nimekiona kwa karibu, miguu yake imeliwa na mchwa."

Tabasamu la Shafiq likafa. Halafu ikawa zamu yangu. Nilikuwa na elfu kumi na moja mfukoni. Redio ikaletwa ikauzwa palepale, na aliyejitokeza kuinunua ni Shafiq, kwa elfu mbili, akicheka na kila noti. Kwa elfu mbili zilizobaki nikavua koti langu la udereva lenye vifungo vya shaba, mwenyekiti akalinunua.

Aidah alipokea fedha akampa mwanawe azihesabu.

"Raihana, kosa la kwanza ni langu," alisema, na watu wote walisikia. "Ulimuuliza muuzaji kwa nini anauza, hakukujibu, nikakunyamazisha wewe badala yake. Riba kuwa ndogo haikuwa sababu ya kuhamisha fedha hii. Ilikuwa inasubiri Septemba, na hisa haijui Septemba. Ukiwa na fedha ya ziada, usiyoihitaji kesho, kagua vitabu kwanza, kisha nunua. Mimi nilinunua kwa hasira. Hasira haikagui vitabu."

Raihana alihesabu noti moja moja, akarudia mara ya pili.

"Zimetimia," akasema. Kisha akanitazama, mimi niliyebaki na shati tu. "Nenda nyumbani, babu. Kuna baridi."