Salamu Nje ya Uzio

Kijijini Rungwe Mpya watu hawasalimiani mbiombio. Mtu huinama, hupiga makofi polepole, kisha huuliza habari za nyumba na shamba. Kipriani, mwendesha mashine ya kijiji ya kusaga, aliwashinda wote kwa heshima. Mkewe Theodosia humtania, "Wewe utasalimia hata gunia."

Siku moja Theodosia alifika mashineni na mama yake mzazi. Mashine ilikuwa ikinguruma. Kipriani alipomwona mkwewe aligeuka, akainama chini kabisa.

"Mwidiwe, mama," akasalimu kwa lugha ya kwao, huku akipiga makofi.

Lubega lake, shuka lililofungwa begani, likagusa mkanda wa mashine. Mkanda ukalinasa, ukamvuta. Bahati nzuri nguo ilikuwa kuukuu, fundo la begani likakatika. Kipriani akabaki na kaptura tu, mbele ya mkwewe.

Vijana wakaangua kicheko. Theodosia hakucheka. Aliona jinsi alivyoponea chupuchupu kuwa mjane.

Jirani yao, Mzee Gharibu, alikuwa kwenye foleni. Zamani alifanya kazi katika kiwanda cha mkonge, Tanga.

"Zima mashine," akaamuru.

Kipriani akazima. "Ajali haina kinga, mzee," akasema kwa aibu.

"Hii kinga yake ipo. Kule Tanga nilimzika rafiki yangu. Mashine ilimshika mkono wa shati tu. Mashine haijui mtu wala muhogo."

"Sasa nisiwasalimie wakubwa?"

"Wasalimie, mwanangu, ila zima kwanza. Vaa nguo isiyoning'inia. Na mkanda tuuzungushie uzio."

"Na mashine ikikwama?" Theodosia akauliza.

"Asitie mkono. Aizime, angoje isimame kabisa."

Jioni hiyo wanaume walikata miti, wakajenga uzio. Theodosia alilipeleka lile lubega kwa fundi cherehani, likawa shati fupi la kubana.

Baada ya mavuno, mama mkwe alirudi kusaga. Kipriani alimwona, akaendelea na kazi.

"Mkwe ameota mapembe," wanawake wakanong'ona.

Mama akaketi juu ya gunia lake, akangoja. Mashine ikazimwa. Mkanda uliposimama, Kipriani akatoka nje ya uzio, akainama, akapiga makofi. Akauliza habari za nyumba, za shamba, hata za kuku. Foleni ikaanza kunung'unika.

"Mwacheni anisalimie," mama akasema. "Salamu ikichelewa naipokea. Mkwe wa kuzika simtaki."

Safari hii Theodosia ndiye aliyecheka kuliko wote.