Ukuta wa Pili wa Stoo

Jua la Novemba lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Ozark, huko Marekani. Twyla alikuwa amejibana ndani ya stoo ya mbele, chini ya trela, nyumba ya magurudumu walimoishi yeye na dada yake Nadine tangu wamzike mama yao. Alikuwa akiziba baridi kabla mabomba ya maji hayajaganda: anakata foamu ngumu, anaisukuma ukutani, anabandika mkanda, anakohoa. Kikohozi hicho kilikuwa na miezi sita, na madaktari walikwishakata tamaa.

"Hiyo ya mbele iache," Nadine alikuwa amemwambia asubuhi. "Na kifua chako hicho, ubishi utakuua."

Twyla aligusa ukuta kupima baridi.

Ukuta ulikuwa na joto.

Si joto la hita... Lilikuwa joto la kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Ikaja harufu ya kafuri, ile dawa ya kuchua aliyojipaka mama. Kisha, kutoka ndani ya ukuta...

Ngo. Ngo.

Alifungua skrubu za ubao wa ukuta. Nyuma ya ubao palikuwa na ukuta mwingine, na katikati nafasi ya shubiri moja, imezibwa foamu kwa ustadi kuushinda wake. Humo, juu ya kipande cha blanketi la mama, alikuwa amelazwa mwanasesere. Nywele nyekundu.

Nywele za Twyla.

Kifuani, pini saba. Na mshono ule aliujua. Nadine ndiye aliyemfundisha kushona.

"Nilikwambia uiache."

Dada yake alikuwa amesimama nje ya mlango wa stoo, hana hata koti.

"Dada... huyu ni mimi?"

"Mama alikuwa anakuja, Twyla. Kila usiku. Anasikia baridi, anataka mmoja wetu." Akashusha sauti. "Nikamchagulia."

"Ukanichagua mimi!"

"Wewe huna watoto. Mimi nina wangu kwa baba yao."

Twyla alizing'oa pini, moja baada ya nyingine. Ya saba ilipotoka, pumzi ilimshuka hadi chini ya mbavu, kwa mara ya kwanza tangu masika.

Nadine akaanza kukohoa.

"Zirudishe... mdogo wangu, nakuomba..."

Twyla alimpita machozi yakimtoka, akaingia kwenye pikapu, akaondoka bila kugeuka.

Maili ishirini mbele, simu iliita. Jina la dada yake. Aliiacha. Ikaita tena. Mara ya tatu akapokea.

Pumzi nzito, za kizee, za mtu asiye Nadine.

"Twyla... huku kuna baridi, mwanangu. Nani kabomoa ukuta?"