Fyuga ya Kulwa na Doto

Jua lilikuwa linazama kijijini Ipole, Doto alipoingia kanisani kufanya mazoezi ya ibada ya Jumapili, mgongoni kambeba mtoto wa pacha wake, Kulwa. Kulwa alifia uzazini, wiki tano zilizopita. Mtoto huyo ndiye pekee aliyemwacha, na Doto alimpenda kuliko roho yake.

Kwao pacha akifa hasemwi kafa. Husemwa kaenda kuchanja kuni, na aliyebaki hamwiti, wala hagusi kazi waliyozoea kuifanya wawili, mpaka matanga yaanuliwe. Mama yao alimkumbusha hayo asubuhi ile ile.

Lakini upweke ulimzidi, jamani. Juu ya kinanda cha kukanyaga, kisicholia bila miguu kukipa upepo, kilikuwepo kitabu chao cha preludi, vile vipande vya utangulizi, na fyuga za kale za Kizungu, mbilimbili kwa kila ufunguo wa muziki. Preludi Doto alipiga peke yake. Fyuga waligawana benchi: Kulwa anaanza, Doto anamjibu kwa wimbo ule ule, wanakimbizana mpaka mwisho.

Akapiga preludi. Akasita. Halafu vidole vikaanza fyuga yenyewe, sehemu ya Kulwa.

Akafika pale pa kujibiwa...

Akajibiwa.

Vitufe vya kushoto vilibonyea vyenyewe. Benchi likalia, kama mtu kakaa. Ikamjia harufu ya moshi na asali, ile ya nguo za Kulwa akitoka mizingani. Doto alifurahi, msishangae, alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Akaacha kupiga ili ajifute.

Kanga ya mgongoni ikavutwa.

Taratibu... fundo likaanza kulegea.

"Doto. Nipe mwanangu."

"Ana wiki tano tu, dada. Niachie."

Alipoinuka akimbie, kanga ilivutwa kwa nguvu hadi mtoto akapiga yowe. Akaketi. Akarudisha vidole kwenye vitufe, na hapo hapo kanga ikaachiwa. Vitufe vya kushoto vikamjibu. Kulwa tangu utotoni hakuweza kuiacha fyuga njiani, na mikono yake ilikuwa miwili tu.

Ikaisha. Doto akadaka nyingine kabla mlio haujatulia.

Nje, wanawake waliotoka kisimani walisema Doto leo kanogewa, wakaenda zao. Giza likaingia. Kwenye pedeli, mguu wake wa kulia ukafa ganzi, kisha wa kushoto ukaanza.

Mikono ya pembeni yake haikuwa imechoka.